Lugha ya kigeni bila fani haifiki mbali: ufafanuzi kwa vijana wa Mtwara na Lindi

Muuguzi aliyetoka Masasi akiambiwa na msimamizi wake katika hospitali ya Ujerumani ampeleke mgonjwa kupigwa picha "halb acht", masikio yake yatapokea maneno mawili anayoyafahamu vizuri: "halb" ni nusu, "acht" ni nane. Ataunganisha: nane na nusu. Kwa saa yetu hiyo ni saa mbili na nusu asubuhi. Kumbe msimamizi alimaanisha saa moja na nusu. Mjerumani huitaja nusu kwa kutazama saa inayokuja, sisi tunaitaja kwa kutazama iliyokwisha kugonga. Mgonjwa amechelewa saa nzima, na muuguzi ameonekana hajali muda.

Jioni ya siku hiyohiyo anaambiwa kwa simu uniti za insulini: "vierundzwanzig". Kijerumani hutanguliza mamoja kisha makumi, yaani nne-na-ishirini. Anayeandika huku anasikiliza huanza na 4, halafu 2, na karatasini panasomeka 42 badala ya 24. Kosa la saa linasameheka, hili la insulini linaua. Kinga yake ni rahisi: rudia tarakimu mojamoja kwa sauti, "zwei, vier", usubiri mwenzako aseme ndiyo, ndipo uandike.

Muuguzi huyu wa mfano ana cheti cha B1, ngazi ya tatu kati ya sita za kipimo cha lugha cha Ulaya (A1, A2, B1, B2, C1, C2), alichokipata kwa jasho lake. Mtihani ulimpima kusoma tangazo, kuandika barua pepe na kuzungumza kuhusu safari au chakula. Hakuna aliyemuuliza uniti za insulini. Hapo ndipo ulipo mkanganyiko unaowagharimu vijana wengi wa kusini: kujua lugha, kuwa na cheti cha lugha, kuishi nje na kupata kazi nzuri ni mambo manne tofauti, ila mitaani tunayataja kama jambo moja. "Fulani anajua Kichina, atapata kazi." "Fulani alikaa Ulaya miaka sita, huyo ameshatoka." Kila moja kati ya haya manne lina gharama yake na muda wake, na unaweza kuwa nalo moja ukakosa mengine yote.

Lugha ya kampuni na bendera ya kampuni

Kosa la kwanza hutokea hapahapa nyumbani, kabla hata pasipoti haijaombwa. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ile ya Songo Songo ikaanza kutumika mwaka 2004, na mradi wa kuchakata gesi asilia uliopangwa Likong'o, Lindi, umezungumzwa kwa miaka mingi. Kila jina la kampuni ya nje linapotajwa, wapo vijana wanaokimbilia lugha ya nchi ilikotoka kampuni hiyo: Kinorwe, Kifaransa, Kichina.

Kwenye kazi za gesi, makaratasi huandikwa kwa Kiingereza hata kampuni ikiwa ya Wafaransa au Wanorwe. Kibali cha kuingia eneo la hatari, michoro ya mabomba, taarifa ya ajali na maelezo ya usalama vyote viko kwa Kiingereza, kwa sababu watu wa eneo moja la kazi hutoka nchi kumi tofauti. Fundi wa kuchomelea aliyemaliza VETA, anayeweza kusoma utaratibu wa kuchomelea wa kurasa nne kwa Kiingereza na kueleza kwa maneno yake kwa nini kiungo kimekataliwa, ana nafasi kubwa kuliko mwenzake aliyetumia miaka miwili kwenye Kinorwe huku Kiingereza chake kikiwa cha salamu.

Korosho nazo ni hivyohivyo. Korosho ghafi ya Mtwara na Lindi hununuliwa zaidi na wafanyabiashara wa India na Vietnam, lakini mkataba, hati ya mzigo melini na taarifa ya ubora ni vya Kiingereza. Kinachohitajika hapo ni lugha ya korosho yenyewe. Mtu ajue kwamba W320 ni korosho nzima nyeupe zinazofika 300 hadi 320 kwa ratili moja. Ajue kwamba mavuno ya kiini hupimwa kwa ratili kwa gunia la kilo 80, na kwamba mzigo ulioahidiwa ratili 48 ukipimwa bandarini ukatoa 45, mnunuzi atadai punguzo. Anayeweza kuueleza upungufu huo kwa barua fupi iliyo wazi, akitenganisha unyevu, korosho zilizooza na zisizokomaa, anaokoa fedha za watu. Kihindi kingemsaidia kwenye chai na mazungumzo, na si haba, ila hakimuandikii hiyo barua.

Basi lugha ya tatu inafaa lini? Inafaa pale ambapo utakayemhudumia hana lugha nyingine: mgonjwa, mwanafunzi, mkulima, mkimbizi, mteja wa dukani. Inafaa pia pale ambapo mamlaka inayotoa leseni ya kazi yako inaidai. Kabla ya kulipia darasa lolote, jiulize nani atazungumza nawe kazini kila siku, nani atasoma unachoandika, na nani atasaini leseni yako. Ukikosa majibu, unajifunza lugha kwa mapenzi tu. Hilo ni jema, lakini usilihesabu kama mpango wa kazi.

Ng'ambo ya Ruvuma

Ajabu ni kwamba lugha ya kigeni iliyo karibu nasi kuliko zote ndiyo tunayoipuuza. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010, na ukilivuka uko Msumbiji, nchi inayoendesha ofisi zake kwa Kireno. Kireno ni lugha rasmi Angola, Brazil, Ureno, Cape Verde, Guinea-Bissau na Sao Tome pia. Ni mojawapo ya lugha nne rasmi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na Kiswahili kiliingia kwenye orodha hiyo mwaka 2019. Anayebeba Kiswahili, Kiingereza na Kireno kwa kiwango cha kazi anabeba lugha tatu kati ya hizo nne.

Mtu wa Newala, Tandahimba, Masasi au Nanyumbu anaanza na mtaji mwingine ambao haununuliwi popote. Kimakonde kinazungumzwa pande zote mbili za mto, hadi uwanda wa Mueda. Kimakua ndiyo lugha ya asili yenye wazungumzaji wengi kuliko zote Msumbiji, na Kimakua cha Masasi kinakaribiana na Kimeetto, lahaja ya Kimakua ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi. Mashirika ya misaada, ya afya na ya kilimo yanayofanya kazi kaskazini mwa Msumbiji yanahitaji watu wanaoweza kukaa kwenye mkeka na bibi wa kijijini, wakamsikiliza kwa Kimakua, kisha wakaandika taarifa kwa Kireno. Msomi wa Maputo ana Kireno kizuri na mara nyingi hana Kimakua. Sisi tuna Kimakua na hatuna Kireno. Pengo letu ni dogo zaidi, maana Kireno kina madarasa na vitabu, na Kimakua cha kumfariji mjane hakifundishwi darasani.

Maneno ya Kireno nayo tumeyatumia tangu utotoni bila kujua: meza, bendera, leso, foronya, parafujo, karata. Hata gereza lilitoka kwenye neno lao la kanisa, "igreja". Mambo haya yanatia moyo siku za mwanzo, lakini yapo matatu yanayowaangusha Waswahili hasa, na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza havitayataja.

La kwanza ni siku. Wareno huzipa siku namba wakianzia Jumapili, sisi tunaanzia Jumamosi. "Segunda-feira" maana yake ni siku ya pili, nayo ndiyo Jumatatu yetu. "Terça-feira", siku ya tatu, ni Jumanne. Mswahili akisikia "terça" akili yake hukimbilia Jumatatu, naye hufika kwenye kikao siku moja kabla. Kanuni ni kuongeza moja: namba ya Kireno ongeza moja, upate namba ya Kiswahili. "Quarta", ya nne, ni Jumatano. Mteremko huo unaishia hapo, kwa sababu Alhamisi na Ijumaa zetu hazina namba.

La pili ni irabu. Sisi tuna tano, wao wana zaidi, na tofauti ndogo ya mdomo hubadili maana: "avó" ni bibi, "avô" ni babu. Ya kwanza inatamkwa mdomo ukiwa wazi zaidi. Ukijaza fomu ya familia kwa kusikiliza tu, utamfanya babu wa watu kuwa bibi.

La tatu ni kwamba programu nyingi za simu hufundisha Kireno cha Brazil. Basi Brazil ni "ônibus", Ureno ni "autocarro", na Msumbiji utasikia "machimbombo". Daladala ni "chapa", kifungua kinywa ni "matabicho". Anza na programu ya simu kama ndiyo uliyo nayo, lakini kuanzia mwezi wa pili sikiliza Rádio Moçambique kupitia intaneti angalau nusu saa kwa siku, la sivyo utavuka mto na lugha ya bara jingine. Na ukivuka, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, kisha kumbuka kwamba "sete e meia" ya asubuhi ni saa moja na nusu ya Kiswahili. Mabadiliko mawili ya saa kwa mpigo huwachanganya hata wazoefu.

Mitihani inayotambulika ya Kireno cha Ureno husimamiwa na Chuo Kikuu cha Lisbon kupitia kituo chake cha CAPLE: CIPLE ni ngazi ya A2, DEPLE ni B1, DIPLE ni B2. Kwa kazi ya ofisi au ya mradi, lenga DIPLE. Jambo jingine halifai kufichwa: Cabo Delgado imekuwa na mashambulizi ya wanamgambo tangu Oktoba 2017, na mji wake wa Palma ulivamiwa Machi 2021. Kwa hiyo usipange maisha yako juu ya mkoa huo peke yake. Nampula, Nacala, Beira na Maputo zina kazi pia. Na urahisi wa kuvuka mpaka kwenda kusalimia ndugu si ruhusa ya kufanya kazi. Kibali cha kazi ni hati nyingine, na mwajiri ndiye anayepaswa kuanza kuishughulikia.

Ujerumani: hesabu ya saa kabla ya hesabu ya euro

Huku kusini jina la Ujerumani si geni. Neno "shule" lenyewe tumelitoa kwao, "hela" ni sarafu yao ya Heller, mifupa ya mijusi wakubwa iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913 ipo Berlin, na Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906. Siku hizi kinachozungumzwa zaidi ni uuguzi, na ndicho kinachochanganya watu zaidi.

Zipo njia mbili, na hazifanani. Ya kwanza ni ya aliyemaliza kidato cha nne au cha sita asiye na fani bado. Huyu anaweza kuomba mafunzo ya uuguzi ya miaka 3 hukohuko, akisoma nusu darasani na nusu wodini, huku akilipwa posho na mwajiri ambayo kwa kawaida huzidi euro 1,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa viza, Kijerumani cha B1 ndicho hutazamiwa, na waajiri wengi hupendelea B2. Njia ya pili ni ya muuguzi ambaye tayari ana stashahada au shahada na usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Huyu haanzi upya. Anaomba vyeti vyake vitambuliwe na mamlaka ya jimbo analokwenda, inayolinganisha saa za masomo na za wodini. Mara nyingi jibu huja na orodha ya mapungufu, naye huchagua kufanya kipindi cha kujazia au mtihani. Mpaka hapo atafanya kazi kama msaidizi kwa mshahara wa msaidizi. Kwa utambuzi kamili Kijerumani kinachotakiwa kwa kawaida ni B2.

Wengi huharibu hapa: muuguzi mwenye stashahada, kwa haraka, hukubali mkataba wa mafunzo ya miaka 3 uliotengenezwa kwa wasio na fani. Anarudia alichokwisha kusoma kwa sababu hakuuliza.

Sasa hesabu. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha Kijerumani na kutoa mitihani yake, hukadiria vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 kutoka sifuri hadi B2. Vipindi 600 ni saa 450. Ukisoma saa moja na nusu kwa siku, siku sita kwa wiki, unapata saa 9 kwa wiki, kwa hiyo saa 450 zitakwisha kwa wiki 50. Ukihitaji vipindi 800 ni wiki 67. Hapo hatujahesabu kujisomea, na bila kujisomea muda angalau sawa na wa darasani hakuna anayefika. Kwa mtu anayefanya kazi za zamu, miaka miwili ni hesabu ya kweli. Anayekuahidi B2 kwa miezi mitano huku ukiendelea na kazi anakuuzia ndoto.

Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam, ilipo Goethe-Institut, ni zaidi ya kilomita 500. Si lazima uhamie Dar kwa miaka miwili. A1 na A2 unaweza kuzipata kwa masomo ya bure ya Deutsche Welle kwenye simu, ukiwa na mwenzako mmoja wa kuzungumza naye kila siku. Usijifunze peke yako, kwa sababu mdomo unabaki nyuma ya macho. Kuanzia B1 tafuta mwalimu wa kukusahihisha maandishi. Mtihani wa B1 na ule wa B2 una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu inadai alama 60 kati ya 100. Ukianguka moja unaweza kuirudia hiyo peke yake, kwa hiyo usikate tamaa ukarudia zote nne na nauli yake. Watu wetu huanguka zaidi kwenye kusikiliza, kwa sababu wamejifunza kwa kusoma, na kwenye kuandika, kwa sababu hawakusahihishwa.

Pamoja na hayo, anza daftari la wodi. Kila siku maneno matano ya kazi yako, kila neno ndani ya sentensi utakayoisema kweli: kumgeuza mgonjwa, kuuliza maumivu yanaanzia wapi, kumpokeza mwenzako zamu. Kwa mwaka ni zaidi ya sentensi 1,500. Hizo ndizo zitakazokuokoa wiki ya kwanza.

Kwa anayekwenda kusoma chuo kikuu badala ya uuguzi: vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kikwazo kikubwa ni akaunti ya dhamana, ambayo tangu Septemba 2024 inadai euro 11,904 kwa mwaka. Fedha hizo ni zako, unazitoa euro 992 kila mwezi, lakini lazima ziwepo kabla ya viza. Familia nyingi huuza shamba la mikorosho zikidhani zinalipa ada. Jueni mnacholipia kabla hamjauza.

China na Ghuba, kwa ufupi

Kwa China, mtihani wa lugha ni HSK, na kwa anayetaka kusoma shahada kwa Kichina ngazi ya 4 ndiyo mlango wa kawaida. Wanaopata ufadhili wa serikali ya China mara nyingi hupewa mwaka mmoja wa lugha kwanza. Matokeo ya HSK kwa ajili ya kujiunga na chuo huhesabiwa miaka 2 tu, sawa na IELTS kwa Kiingereza, kwa hiyo usifanye mtihani mapema kuliko maombi. Tatizo lisilosemwa ni la wanaosomea udaktari kwa Kiingereza hukohuko: darasani wanaelewa yote, kisha wodini mgonjwa ni mzee asiyejua neno la Kiingereza. Mwanafunzi ambaye hakujishughulisha na Kichina husimama pembeni kwa miezi, na mikono ya daktari hutengenezwa palepale kitandani. Kama unasoma fani ya kugusa watu, lugha ya nchi ni sehemu ya masomo, iwe imeandikwa kwenye ratiba au haijaandikwa.

Kwa Oman na nchi jirani zake, kijana wa Mikindani au Kilwa aliyepita madrasa ana nusu ya kazi mkononi: anazijua herufi na ametoa sauti za "ain" na "qaf" tangu mdogo. Lakini msahafu una alama za irabu, gazeti la Muscat halina, na Kiarabu cha sokoni si cha msahafu. Hatua inayomfaa ni kusoma maandishi yasiyo na irabu kila siku, kisha kuongeza lahaja ya Oman kwa kusikiliza. Na kwa kuwa Waomani wengi wanazungumza Kiswahili, ni rahisi kukaa miaka minne Muscat bila kuongeza neno.

Kuishi kwenyewe hakufundishi

Hili la Muscat lipo kila mahali. Mtu anakaa nyumba moja na Watanzania wanne, anapika ugali, anatazama vipindi vya nyumbani, kazini anafanya usafi wa usiku ambako hakuna wa kuzungumza naye. Baada ya miaka mitano lugha yake ni ya dukani. Miezi sita ya mwanzo huamua mengi, kwa kuwa mazoea ya nani unazungumza naye hujengwa hapo, na baada ya hapo watu huwa wamekuzoea kama mtu asiyeongea. Anayeweza, akae na familia ya wenyeji au mwenzake wa nchi nyingine kwa miezi hiyo, ajiunge na kwaya, timu ya mpira au darasa la jioni. Kuwapenda Watanzania wenzako hakukatazwi. Panga tu siku zao.

Kinachobadilika kwa anayeishi hivyo ni zaidi ya msamiati. Anajifunza namna kazi inavyosemwa: jinsi ya kukataa agizo la hatari bila kumvunjia mkubwa heshima, jinsi ya kukiri kosa kwenye taarifa, lini ucheke na lini unyamaze kikaoni. Kwetu tumelelewa kumwitikia mkubwa "ndiyo" hata pale hatujaelewa, kwa adabu. Katika hospitali au mtambo wa gesi adabu hiyo huumiza watu, na kujifunza kusema "sijaelewa, rudia tafadhali" huchukua muda mrefu kuliko kujifunza sarufi.

Historia ya kusini ina mifano ya watu ambao lugha na ugeni viliwapeleka mbali. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alisomea Kiingereza Makerere hadi 1962, akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, akawa mhariri wa magazeti, balozi Nigeria, Canada na Marekani, waziri wa mambo ya nje, na rais kuanzia 1995. Tazama mpangilio: lugha ilikuwa fani yake, uandishi ukaipa kazi, ubalozi ukaja juu yake. Upande wa pili wa Ruvuma, Joaquim Chissano aliishi Tanzania miaka ya mapambano ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, akajifunza Kiswahili, na mwaka 2004, akiwa rais wa Msumbiji, aliwahutubia viongozi wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mjini Addis Ababa. Lugha aliyoipata ugenini ilimfaa kazini miaka zaidi ya thelathini baadaye.

Madalali

Palipo na kiu ya kwenda nje, dalali hakosi. Wakala wa ajira za nje anapaswa kuwa na leseni ya serikali. Ulizia kwa ofisi ya Kamishna wa Kazi au TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, kabla hujampa mtu shilingi. Dalili za hatari ni hizi: anataka pasipoti yako abaki nayo, anakuambia uingie kwa viza ya matembezi "kisha tutabadilisha", mkataba una jina lake badala ya la mwajiri, au anauza cheti cha lugha. Cheti cha kununuliwa hugundulika haraka sana: ofisa wa ubalozi anakuuliza maswali mawili kwa lugha hiyo dirishani. Na hata ukipenya, utajikuta wodini usiku na wagonjwa thelathini huelewi wanachosema. Mkataba usome wote kwa lugha unayoielewa, hasa saa za kazi, makazi yanalipiwa na nani, na nini kitatokea ukitaka kuondoka kabla ya muda.

Kurudi ukiwa na makaratasi

Wanaorudi Lindi na Mtwara mara nyingi wana ujuzi ambao hawawezi kuuthibitisha. Fundi aliyefanya kazi miaka mitano kwenye kiwanda cha nje anajua mashine kwa ndani, lakini kila kifaa anakijua kwa jina la kule, na hana barua hata moja. Anza kujitayarisha kurudi ukiwa bado kazini. Kila mwaka andika orodha ya kazi ulizofanya, mashine ulizoshika na jina la kila kifaa kwa lugha ya kule, Kiingereza na Kiswahili. Shahada ya nje ipelekwe Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) itambuliwe, na kwa fani zenye usajili, kama uuguzi, udaktari au uhandisi, nenda pia kwenye baraza au bodi yake. Tafsiri ya vyeti ifanywe na mfasiri anayetambulika; Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) hushughulikia tafsiri na ithibati yake.

Ujerumani mwajiri analazimika kisheria kukupa barua ya utendaji ukiomba. Omba ile ndefu, yenye maelezo, kisha isome kwa makini, kwa sababu barua hizo zina lugha yao ya ndani. Zikisema ulifanya kazi "stets zu unserer vollsten Zufriedenheit" umepewa alama ya juu kabisa. Zikisema "zu unserer Zufriedenheit" tu, bila "stets" wala "vollsten", kwa Mswahili inasomeka kama sifa, kumbe msomaji wa Kijerumani anaelewa kwamba ulifaulu kwa shida. Ukiona maneno hayo na unajua ulifanya kazi vizuri, dai yabadilishwe kabla hujapanda ndege; ukishafika Mtwara itakuwa vigumu.

Beba pia taarifa za michango yako ya pensheni. Mtanzania aliyechangia mfuko wa Ujerumani kwa miaka michache akaondoka Umoja wa Ulaya anaweza kuomba arudishiwe sehemu aliyokatwa yeye, baada ya kupita miezi 24. Utahitaji namba yako ya bima ya jamii ya kule na akaunti ya benki iliyo hai, kwa hiyo iandike namba hiyo mahali pawili, moja nyumbani kwa wazazi.